Afya ya Nyumba Yetu: Kidonge chenye jina lisilo lake

Niliwaahidia kwamba juma hili tutaendelea na uji wa soya na mahindi, lakini uji utangoja. Swali limefika kutoka kikundi kimoja cha akiba, na hilo haliwezi kungoja. Mama mmoja anauliza hivi: mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa akilia usiku kwa maumivu ya sikio, akiwa na homa. Jirani, kwa roho nzuri, akampa nusu ya kidonge cha valiumu. Mtoto akalala mpaka saa tatu ya asubuhi. Sasa mama anataka kujua kama anaweza kununua vidonge vichache na kuviweka nyumbani kwa ajili ya usiku kama ule.

Mama, jibu ni hapana. Lakini sitaki kukuambia hapana bila kukuonyesha sababu, kwa maana jirani atakuambia ndiyo, na yeye ndiye aliye karibu na mlango wako saa nane ya usiku.

Valiumu, ambayo jina lake la kiganga ni diazepamu, ni dawa ya kutuliza ubongo. Hospitali inaitumia kusimamisha degedege, na kwa kazi hiyo ni dawa ya maana sana. Kwa mtoto mdogo inaweza kupunguza pumzi, na mtoto aliyelala usingizi mzito hawezi kukuambia kwamba anakosa hewa. Tena haitibu sikio wala haitibu homa. Mtoto aliyelalishwa na valiumu hajapona, amenyamaza tu, na ugonjwa unaendelea na safari yake. Kama homa ile ni ya malaria kali au ya meninjite, yale masaa ya usingizi ndiyo masaa uliyokuwa nayo ya kumfikisha kwa muganga.

Iko sababu nyingine, na hiyo ndiyo imenifanya niuweke uji kando. Ni jambo lililotokea hapa kwetu Kongo, na ninashangaa kuona wamama wengi hawajalisikia.

Mwisho wa mwaka 2014, kule Ituri, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, vituo vya afya vilianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Wengi walikuwa watoto. Shingo imejipinda upande mmoja au imevutwa nyuma, macho yamegeuka juu, ulimi unatoka nje wenyewe, taya zimekaza, mtoto hawezi kumeza hata mate yake. Niwaulize ninyi: mama gani akimwona mtoto wake hivyo asifikirie pepo, au asimtazame jirani fulani kwa jicho baya?

Waganga walifikiria meninjite kwanza, kwa sababu shingo ngumu ni alama yake. Walipima maji ya uti wa mgongo, lakini meninjite haikuonekana. Wagonjwa wakazidi kuja. Wachunguzi, pamoja na watu wa MSF, wakaanza kuuliza swali ambalo ningependa kila mama alishike: kabla ya kuanza hivi, mgonjwa alimeza nini? Wakapima mikojo, wakapima na vidonge vyenyewe. Vidonge vilivyoandikwa diazepamu havikuwa na diazepamu ndani. Vilikuwa na haloperidoli.

Haloperidoli ni dawa ya wagonjwa wa akili. Kwa mgonjwa wake, kwa kipimo chake, inasaidia. Lakini mojawapo ya athari zake zinazojulikana ni hiyo hiyo ya kukaza misuli ya shingo, ya uso, ya ulimi na ya macho, na watoto ndio wanaopatwa upesi zaidi. Katika vile vidonge vya uongo kipimo kilikuwa kikubwa hata kwa mtu mzima. Mwezi wa Julai 2015 Shirika la Afya la Dunia, OMS, lilitoa tahadhari kwa nchi za Afrika ya Kati. Jambo hilo lilipofika mwisho, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamelazwa, na wengine walikufa.

Sasa tazameni vizuri jinsi madhara yalivyoingia. Hakuna mama aliyekwenda kununua sumu. Vidonge vilikuja kama dawa nyingine zote, katika makopo makubwa, vyenye jina linalojulikana. Kopo linafunguliwa, kidonge kinauzwa kimoja kimoja, kinafungwa katika kipande cha karatasi ya daftari, na tangu hapo hakina jina, hakina tarehe, hakina namba ya kundi. Ukifika nacho nyumbani ni kitu cheupe au cha manjano katika karatasi. Hata muganga mwenye miaka thelathini ya kazi hawezi kukitambua kwa macho.

Na kuna jambo lingine ambalo haliwahusu wauza dawa wa uongo peke yao. Valiumu ilikuwa ikitolewa ovyo, kwa maumivu, kwa homa, kwa mtoto asiyelala. Kama ingekuwa inatolewa kwa degedege na kwa wachache wanaoihitaji kweli, dawa ile ya uongo isingepata njia ya kuingia katika nyumba nyingi namna ile. Hapo mimi ninaona lawama kubwa ni ya sisi tunaopenda dawa inayonyamazisha, kuanzia kwa muganga anayetaka foleni iishe mpaka kwa mama anayetaka kulala kwa sababu alfajiri anakwenda sokoni. Simlaumu mama huyo kwa kuchoka. Nasema tu kwamba uchovu wake ndio soko la watu hao.

Neno moja la kutuliza roho: ile hali ya shingo kujipinda ina dawa yake. Mgonjwa akipigwa sindano inayofaa anaweza kufunguka kwa muda mfupi, mradi muganga ajue ni dawa gani iliyoingia mwilini. Na haitoki kwa vidonge vya uongo tu. Metoklopramidi, ile dawa ya kuzuia kutapika ambayo wengi mnaijua kwa jina la Primperan, inaweza kuleta hali hiyo hiyo kwa mtoto hata ikiwa dawa ya kweli iliyotoka farmasi nzuri. Kwa hiyo mtoto akitapika, usikimbilie dawa ya kuzuia kutapika. Kimbilia ORS, kidogo kidogo kwa kijiko, na umpeleke akapimwe. Na mtoto akipinda shingo au macho yakigeuka, beba mtoto na ubebe dawa zote alizomeza siku zile tatu, pamoja na karatasi, chupa, kopo, hata mabaki ya mizizi ndani ya sufuria. Usione haya. Muganga anayekugombeza kwa sababu umeleta majani, mwache agombeze, lakini majani ayaone.

Nimesema dawa ya kweli inaweza kudhuru. Wengi wetu tunafikiri hatari ni katika dawa mbovu na dawa zilizopita tarehe. Wacha nichukue ile tunayoiona kama maji ya kunywa, parasetamoli.

Kipimo cha mtoto kinafuata kilo zake. Ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja, kila masaa sita, na isizidi mara nne kwa siku nzima, mchana na usiku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kama miligramu 125 hivi, na hiyo ni robo ya kidonge cha mtu mzima cha 500. Siro nyingi zina kama miligramu 120 au 125 katika mililita 5, lakini si zote. Kuna siro zenye nguvu mara mbili, kwa hiyo soma chupa, na kama husomi mwombe mtoto wa shule akusomee namba. Tumia kile kijiko au kikombe kidogo kilichokuja na chupa. Vijiko vya chai vya nyumbani haviko sawa, na kijiko cha supu kinabeba kama mara tatu.

Hatari kubwa inakuja pale dawa moja inapoingia kwa milango mitatu. Asubuhi mama anatoa siro ya homa, mchana bibi anatoa unga wa mafua, jioni dada mkubwa anavunja kidonge. Majina matatu, rangi tatu, na ndani yake ni parasetamoli mara tatu. Parasetamoli ikizidi inaua ini. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima, akacheza na kula, na ini likaanza kuanguka siku ya pili au ya tatu, wakati hakuna anayekumbuka tena ile siro. Katika nyumba yenye watu wengi, mtu mmoja ndiye awe na kazi ya kutoa dawa kwa mgonjwa. Mmoja tu. Akitoka anamwachia mwingine kwa maneno wazi: nimempa hii, saa fulani, usimpe tena kabla ya saa fulani. Ukiandika kwa makaa kwenye ukuta ni vizuri zaidi.

Sasa nije kwa dawa zinazopigana ndani ya mwili. Hizi ni zile ambazo kila moja peke yake ni nzuri, lakini zikikutana, moja inamshinda mwenzake au zote mbili zinamwangukia mgonjwa. Nitachagua zile zinazowahusu wamama moja kwa moja.

Wa kwanza kupata hasara ni mama anayetumia dawa za kifua kikuu huku ana implanti, kile kijiti cha mkononi, au anakunywa vidonge vya kupanga uzazi. Ndani ya dawa za kifua kikuu kuna rifampisini, ile inayofanya mkojo kuwa mwekundu kama chai. Rifampisini inaamsha ini lifanye kazi kwa mbio, na ini linamaliza dawa ya uzazi kabla haijafanya kazi yake. Mama anashika mimba akiwa mgonjwa, akiwa amechoka, na bwana anaanza kuuliza maswali mabaya: si ulisema una kijiti? Nyumba zinavunjika hapo, na kosa si la mama. Muganga wa kifua kikuu huwa anauliza juu ya kikohozi, hauulizi mkono wako, kwa hiyo mwambie wewe mwenyewe. Sindano ya miezi mitatu haishindwi na rifampisini, na kile kifaa cha shaba kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi pia hakishindwi. Kondomu nayo inafaa wakati wote. Usiache dawa za kifua kikuu hata siku moja kwa sababu ya jambo hili. Badilisha njia ya uzazi, dawa za kifua uzimalize.

Mama mjamzito naye ana yake. Katika CPN tunapewa vile vidonge vitatu vya SP, ambavyo wengi bado wanaviita Fansidar, vya kuzuia malaria. SP inapigana na asidi ya foliki ikiwa nyingi. Vidonge vya chuma na foliki vinavyotolewa CPN vina kiasi kidogo na havileti shida. Shida ni vile vidonge vya foliki vya miligramu 5 ambavyo mtu ananunua mwenyewe farmasi akiambiwa vinaongeza damu. Hivyo vinanyima SP nguvu, na wewe unalala ukifikiri umekingwa. Tena mama anayekunywa Bactrim kila siku kwa sababu ya virusi vya ukimwi hapaswi kupewa SP, kwa maana dawa hizo mbili ni ndugu, na zikiwa pamoja zinaweza kuleta madhara makali ya ngozi na ya damu. Bactrim yenyewe inamkinga na malaria. Najua ni vigumu kusema jambo hilo mbele ya foleni. Mwombe muganga mseme pembeni, au mwonyeshe kartoni ya dawa bila kutamka neno. Na kama unatumia dolutegraviri na umepewa vidonge vya chuma, kunywa vyote pamoja na chakula, au kunywa dolutegraviri masaa mawili kabla ya chuma. Tumbo likiwa tupu, chuma kinaishika ile dawa na haiingii vizuri katika damu.

Kuhusu dawa za kienyeji nitasema kwa uangalifu, kwa sababu mimi si katika wale wanaozicheka. Majani mengi yana nguvu kweli, na ndiyo sababu ninayaogopa pale yanapochanganywa. Mama anayekwenda kujifungua anapewa na wakwe maji ya mizizi ya kuharakisha uchungu. Anafika maternite, hasemi. Uchungu unakwenda mbio, kisha unaonekana kama umekwama, na mkunga anaweka oksitosini katika seramu. Sasa nguvu mbili zinasukuma tumbo moja la uzazi. Tumbo linaweza kupasuka, mtoto akakosa hewa, mama akatoka damu mpaka afe. Mkunga angejua, angengoja au angefanya kazi nyingine. Wakwe nao wasikilize hapa: hakuna anayewanyima heshima yao. Mtu aliyetoa mizizi ndiye afuatane na mama mpaka maternite, na yeye mwenyewe amwambie mkunga alichompa na saa aliyompa.

Kuna na lavema kwa watoto wachanga, maji ya majani yanayopitishwa nyuma kwa puare. Kwa mtoto anayeharisha ni kumtoa maji mara ya pili. Sitaongeza hapo, tulishalizungumza.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha katika mikutano yetu, na hapa ninajua wengine watanuna, ni vidonge vya kunenepesha. Vinauzwa sokoni karibu na manukato na nywele za bandia. Wasichana wanavimeza wapate makalio na mashavu, na wamama waliojifungua wanavimeza wasionekane wamekonda, kwa kuwa mwanamke aliyekonda watu wanaanza kumhesabia ugonjwa. Ndani yake mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo inaamsha njaa na inaleta usingizi, na deksametazoni. Hiyo ya pili ndiyo simba.

Deksametazoni inaokoa watu hospitalini. Lakini ukiimeza kila siku miezi na miezi, uso unakuwa mviringo kama mwezi, tumbo linajaa na miguu inabaki myembamba. Huo si unono, ni maji na mafuta yaliyokaa pasipo pake. Sukari ya damu inapanda, presha inapanda, mifupa inapungua nguvu, na mwili unashindwa kupigana na wadudu, kwa hiyo kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Halafu kuna mtego wa mwisho ambao unanifanya niandike kwa herufi nzito kama gazeti lingeniruhusu: usiache ghafla. Mwili una kiwanda chake kinachotengeneza kitu kinachofanana na dawa hiyo, na ukiuletea kutoka nje kwa muda mrefu, kiwanda kinafunga. Ukikata siku moja, mwili unabaki bila kitu. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inaanguka, na anaweza kufa akifikiriwa ana malaria. Kama umezimeza kwa majuma mengi, nenda ukamwambie muganga ukweli, naye atakupunguzia polepole. Binti yako akinenepa uso kwa ghafla, usianze na fimbo. Anza kwa kuomba akuonyeshe kile kikopo.

Krimu za kung'arisha ngozi ni familia moja na hizo, maana nyingi zina dawa ya ukoo wa deksametazoni, na nyingine zina zebaki inayoharibu figo. Nitazirudia siku nyingine.

Swali la mwisho limeletwa na kikundi cha wamama wauza mboga. Wanauliza kwa nini siku hizi hospitali zinakataa kupiga kinini kwenye tako, na sisi tulilelewa na sindano hiyo. Wanaona kama ni ubahili.

Si ubahili. Katika tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaokwenda mguuni. Sindano ikiugusa, na hasa dawa kali kama kinini, mtoto anaweza kuvuta mguu maisha yake yote. Mnawajua watoto hao. Kila kartie ina mmoja, na watu wengi wanasema ni polio. Kinini pia kinaweza kuangusha sukari ya damu, hasa kwa mama mjamzito na kwa mtoto ambaye hajala, mgonjwa akaanza kutoka jasho na kupoteza fahamu, na familia ikafikiri malaria imepanda kichwani. Masikio kulia na kizunguzungu ni kawaida yake. Kwa malaria kali OMS inashauri artesunati ya sindano, kwa sababu inaokoa watu wengi zaidi kuliko kinini. Nayo ina jambo lake la kuangalia: mara chache, majuma mawili au matatu baada ya mtoto kupona, damu yake inaweza kupungua tena. Ukiona viganja vimekuwa vyeupe, au mkojo kama koka, mrudishe, na useme: alipigwa artesunati tarehe fulani. Kwa hiyo ile karatasi ya kutoka hospitali usiifungie karanga.

Na kwa malaria ya kawaida, kwanza kipimo cha TDR, kisha vidonge. Ukipewa artemeta-lumefantrini, mpe mtoto pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa ya mama kama bado ananyonya, kwa kuwa bila mafuta dawa inaingia kidogo sana katika damu. Akitapika kabla ya saa moja kupita, mrudishie kipimo kile, na umjulishe muganga ili akuongezee vidonge vilivyopungua. Ukipewa ya artesunati na amodiakini, mtoto anaweza kulegea siku mbili. Usiikate kwa sababu hiyo. Lakini kama ngozi au macho yanakuwa ya manjano, rudi haraka. Tena usichanganye vidonge vya makundi hayo mawili eti vishike nguvu. Nimeona katika mifuko ya dawa nyumba kwa nyumba mabaki ya vyote viwili katika kikopo kimoja cha zamani cha maziwa.

Juu ya mifuko hiyo, hili ndilo ninaliomba kwa mkutano wa juma lijalo. Kila mama alete dawa zote zilizo nyumbani kwake, za chini ya godoro na za juu ya kabati, hata zile za marehemu mama mkwe ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa. Infirmiye wa kituo chetu amekubali kukaa nasi saa nzima. Tutatenga zilizo na jina na tarehe upande mmoja, na zisizo na jina upande mwingine. Zisizo na jina hazirudi nyumbani, na hazitupwi katika choo wala katika jalala ambako watoto wanaokota. Atazipeleka kituoni zikaharibiwe. Kama uko na mtoto aliyewahi kupatwa na vidonda vya ngozi, kuvimba uso au kupinda shingo baada ya dawa, mlete pia, pamoja na karatasi zake. Kuna fishi ya kuandika athari za dawa ambayo infirmiye anaweza kuijaza na kuituma kwenye zone ya afya, na jina la dawa ile litaandikwa kwa wino mwekundu katika karatasi ya mtoto.

Anayenyonyesha aje na kanga ya kutandika, maana tutakaa chini. Na yule mama wa valiumu: mtoto wa sikio apelekwe kituoni leo kabla ya kusoma hadi hapa.